Marathoni ya kwanza kwa anayefanya mazoezi katika joto la Mombasa

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 36 na ninaishi Kisauni. Nimeshakimbia nusu marathoni hapa Mombasa, na ya mwisho nilimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Nimekusudia kukimbia marathoni kamili Nairobi mwezi wa Oktoba, na nimechukua kwenye intaneti ratiba ya majuma 18 ya kumaliza kwa saa 4. Kasi inayotakiwa na ratiba hiyo inanishinda kabla ya nusu saa kwisha. Mbio ndefu ya Jumapili iliyopita niliimaliza kwa kutembea kuanzia kilomita ya 19, na kichwa kiliniuma hadi alasiri. Huvaa mikono mirefu, suruali na hijabu, na hufunga Jumatatu na Alhamisi. Je, mwili wangu haufai kwa marathoni, au ni hili joto letu? Na je, afadhali niende Iten, kule nyanda za juu wanakofanyia mazoezi wakimbiaji mashuhuri, likizo ya Agosti?

Jibu:

Dada yangu mwalimu, nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu naona ndilo linalokukosesha raha. Katika yote uliyoyaeleza sijaona dalili ya mwili usiofaa kwa marathoni. Nilichokiona ni ratiba isiyokufaa, na haikufai kwa sababu mbili ambazo ni vyema tuzitenganishe, maana moja ingekushinda hata kama ungekuwa unaishi Limuru kwenye baridi, na nyingine inatokana na hapa pwani.

Ya kwanza ni hesabu. Marathoni ni kilomita 42.195. Anayeimaliza kwa saa 4 huikimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41, ilhali nusu marathoni yako uliikimbia kwa dakika 6 na sekunde 38 kila kilomita. Ratiba hiyo, kwa hiyo, inakutaka ukimbie masafa maradufu ya yale uliyokwisha kuyakimbia na wakati huohuo upunguze karibu dakika nzima katika kila kilomita. Makocha wengi hukadiria muda wa marathoni kwa kuzidisha mara mbili muda wa nusu marathoni na kuongeza dakika 10 hadi 20, na kwa mtu anayeikimbia kwa mara ya kwanza mimi huongeza dakika chache zaidi ya hizo. Kwako jibu linaangukia saa 5 hivi, yaani dakika 7 na sekunde 7 kwa kilomita. Ninajua kwamba saa 4 hupendeza kutajwa katika chumba cha walimu, lakini lengo la saa 5 ndilo linalotokana na mbio ulizokwisha kuzikimbia, na hilo ndilo nitakalolitumia katika jibu hili lote.

Sababu ya pili ni joto. Sehemu kubwa ya nguvu ambazo mwili huzitumia katika kukimbia hugeuka kuwa joto, na ni sehemu ndogo tu inayokwenda kusogeza miguu. Njia kuu ya kulitoa joto hilo ni jasho, lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka tu, bali hupoza linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu ina unyevu mwingi, hivyo jasho hutiririka na kudondoka kabla ya kukauka, nawe unapoteza maji bila kupata ubaridi uliostahili kuupata. Wakati huohuo moyo unatakiwa kupeleka damu pande mbili, kwenye misuli inayofanya kazi na kwenye ngozi inayotaka kupoa, na kadiri maji yanavyopungua mwilini ndivyo kazi hiyo inavyokuwa nzito. Ndiyo maana mapigo ya moyo wako yanapanda saa ya pili ya mbio ingawa hujaongeza mwendo hata kidogo, na ndiyo maana kasi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu wa nchi ya baridi haiwezi kusomwa vilevile Kisauni.

Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapahapa, katika uwanja wa gofu wa Mombasa, mtaa wa Kizingo, wakati kaskazi inaelekea kwisha na joto liko juu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo, aliacha mbio kabla ya kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Bekele hakuwa na mwili wa kukimbia. Aliyekuwa bora kupita wote duniani alizidiwa na fukuto la Kizingo, seuze mimi na wewe.

Habari njema ni kwamba majira yako ni mazuri. Anayejiandaa kwa mbio za Machi hufanya mazoezi yake mazito katika miezi mibaya kabisa ya kaskazi, lakini wewe utayafanya kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ambayo ni miezi yetu ya nafuu. Kimbia alfajiri, baada tu ya swala, kabla jua halijachomoza. Utasikia watu wakisema kuwa alfajiri unyevu ni mwingi kuliko mchana, na ni kweli, lakini kukosekana kwa jua na kushuka kwa joto kunafidia unyevu huo na kubakisha faida. Jioni ni chaguo la pili, kwa sababu lami na kuta huwa bado zinarudisha joto zilizolinyonya mchana kutwa.

Sasa, ukimbieje? Pima mwendo kwa pumzi, na pima umbali kwa dakika. Katika mbio zote nyepesi, ambazo zitakuwa nyingi kuliko nyingine zote, unatakiwa uweze kumsimulia mwenzako habari ya jana kwa sentensi kamili bila kutweta katikati. Ukiona unakata maneno, umezidisha, hata kama saa ya mkononi inakuambia kuwa unajikokota. Kwa makadirio yangu mwendo huo kwako utakuwa kati ya dakika 7 na nusu na dakika 8 na robo kwa kilomita, na siku ya fukuto kali utazidi hapo. Usione haya. Wakimbiaji mashuhuri wa Iten na Kaptagat, ambao siku ya mashindano huruka kama swala, huanza mbio zao nyepesi kwa mwendo wa pole kiasi kwamba mgeni hudhani wanamsubiri mtu. Tofauti kati yao na mkimbiaji wa ridhaa mara nyingi ni hii, kwamba wao siku ya kwenda pole huenda pole kwelikweli, na mkimbiaji wa ridhaa hukimbia kila siku kwa mwendo wa katikati ambao ni mzito mno usimpumzishe na mwepesi mno usimwongezee kasi.

Kuhusu Iten, ushauri wangu ni kwamba usiende mwaka huu. Mji huo uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani huzimaliza siku za mwanzo akipambana na pumzi fupi na usingizi wa mang'amung'amu. Faida ya damu kujenga chembe nyekundu zaidi huhitaji majuma kadhaa, na likizo ya Agosti ni fupi. Isitoshe, joto nalo lina mafunzo yake. Mwili unaokimbia kwenye joto kwa siku 10 hadi 14 mfululizo hujifunza kutokwa na jasho mapema zaidi, hupunguza chumvi inayopotea katika jasho hilo, na huongeza majimaji ya damu, hivyo kila pigo la moyo hupeleka damu nyingi zaidi. Utapanda Nairobi ukiwa na akiba hiyo. Tumia likizo hiyo kulala mchana baada ya mbio ndefu, jambo ambalo mwalimu halipati muhula ukiwa umeanza.

Juma lako ningelipanga nikizingatia funga zako, na badiliko la kwanza ni kuihamisha mbio ndefu kutoka Jumapili kwenda Jumamosi. Unapokimbia kwa muda wa saa tatu Jumapili na kufunga Jumatatu, unaunyima mwili chakula na maji katika saa zilezile unazovihitaji ili kutengeneza misuli iliyochakaa, na siamini kwamba uchovu wako wote ni wa joto. Jumamosi iwe ya mbio ndefu. Jumapili ukimbie dakika 30 au 40 kwa mwendo mwepesi kabisa na kula vizuri. Jumatatu upumzike ukiwa umefunga. Jumanne ukimbie dakika 45, na baada ya majuma sita ya mwanzo uingize ndani yake vipande vitano vya dakika tatu tatu kwa mwendo wa kutweta kiasi, ukitembea dakika mbili kati ya kipande na kipande. Jumatano dakika 50 hadi 60 nyepesi. Alhamisi upumzike tena. Ijumaa iwe ya mazoezi ya ngazi. Mombasa ni tambarare na Nairobi ina miinuko, hasa barabara ya Southern Bypass, ambako mbio hizo zimepita miaka ya karibuni, na inayonyooka kupanda taratibu kwa muda mrefu. Kama shule yenu ni ya ghorofa, panda ngazi kwa dakika 15 bila kukimbia, ukisukuma kwa kisigino na kunyoosha nyonga, kisha simama kwenye ukingo wa ngazi na uinue visigino polepole hadi vigimbi vichoke. Mteremko wa Daraja la Nyali unafaa pia, ila msongamano wa waenda kwa miguu asubuhi huufanya uwe wa kero.

Mbio ndefu ianze na dakika 90 na iongezeke kwa dakika 10 au 15 kila juma, na kila juma la nne uipunguze kwa theluthi ili mwili upate nafasi. Kilele kiwe saa 3 na nusu, majuma matatu kabla ya mashindano, na baada ya hapo upunguze hadi saa 2, kisha saa 1. Kwa mwendo wako saa 3 na nusu ni takriban kilomita 26, nami ninajua ratiba nyingi husisitiza kilomita 32. Kilomita 32 kwa anayekimbia kwa kasi ya Eldoret ni kazi ya saa 2 na kidogo. Kwako ni zaidi ya saa 4 juani, na madhara yake kwa miguu na kwa juma linalofuata ni makubwa kuliko faida. Kilomita zilizobaki zitabebwa na mazoezi ya juma zima yaliyolimbikizana, na pia na kutembea. Ndiyo, tembea. Katika mbio ndefu zote, baada ya kila dakika tisa za kukimbia tembea dakika moja, tangu mwanzo ukiwa bado na nguvu, wala usingoje hadi ulazimike. Siku ya mashindano fanya vivyo hivyo kwenye meza za maji.

Kichwa kinachouma hadi alasiri mara nyingi hutokana na maji na chumvi, na unaweza kulichunguza jambo hili nyumbani. Jipime kwenye mizani ukiwa mkavu na nguo nyepesi, kimbia saa moja, jifute jasho, vaa nguo nyingine kavu na ujipime tena. Kilo moja iliyopungua ni sawa na takriban lita moja ya maji. Tuseme umetoka na kilo 64 na kurudi na kilo 62.9, na njiani umekunywa mililita 300; basi kwa saa hiyo umepoteza lita 1.4. Si lazima uyarudishe yote ukiwa njiani, kwa kuwa tumbo halikubali. Lenga kunywa mililita 400 hadi 600 kwa saa, kidogo kidogo, na baada ya mbio umalizie kwa saa chache. Katika mbio inayozidi dakika 90 yatie maji yako chumvi: pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari) za duka la dawa, zikichanganywa kama zilivyoelekezwa, zinatosha, na madafu ni mazuri baada ya mbio ingawa yana potasiamu nyingi na sodiamu chache kuliko unayohitaji. Jihadhari na upande wa pili pia. Kuna wanaokunywa maji matupu kwa woga hadi damu ikapungukiwa na sodiamu, nao huvimba vidole, hutapika na kuchanganyikiwa, na wengine wamekufa. Ukirudi kutoka mbioni ukiwa umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi. Kichwa kikiendelea kuuma hata baada ya marekebisho haya, nenda ukapimwe shinikizo la damu kabla ya kuongeza masafa.

Nguo zako si kikwazo, mradi zisiwe za pamba. Pamba hunywa jasho, hulemea na kuchubua. Chagua kitambaa chepesi cha michezo, rangi ya kupauka, kilichopwaya kwenye kwapa na mgongo ili upepo upite. Hijabu ya michezo inayobana kichwani na kuachia shingoni ni bora kuliko mtandio uliofungwa mara mbili, na kuilowesha maji kila baada ya nusu saa husaidia. Paka vaselini kwenye kwapa, mapaja na pembezoni mwa sidiria kabla ya kutoka, kwa kuwa mahali hapo ndipo chumvi ya jasho itakapokata.

Kwa usalama kimbia na mwenzako au kikundi, kwenye mizunguko mifupi ya kilomita tano inayokurudisha karibu na nyumbani au dukani, mahali unapoweza kuacha chupa. Upande wa Nyali barabara ya Links ina mwanga na nafasi kuliko barabara kuu ya Malindi yenye matatu na bodaboda. Jumamosi unaweza kuvuka uende ufukwe wa Mama Ngina, kisiwani, ambako upepo wa bahari huwahi. Ufuoni kimbia wakati wa maji kupwa tu, kwenye mchanga mgumu, na urudi kwa njia ileile, kwa sababu mchanga umeinama na goti la upande mmoja huumia ukikimbia mwinamo mmoja tu. Lami nayo imeinama kuelekea mtaroni, basi usizoee upande mmoja wa barabara.

Hukuuliza habari ya viatu, lakini wengi wetu tunanunua vya mitumba Kongowea, na si vibaya ukijua kuchagua. Usitazame usafi wa juu. Bonyeza sponji ya pembeni, kati ya kisigino na soli, kwa kidole gumba: ikiwa imejaa mikunjo ya mlalo na hairudi, au ni ngumu kama ubao, kiatu hicho kimekwisha kazi hata kama soli haijalika. Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikilala upande mmoja, kirudishe. Kipime jioni miguu ikiwa imevimba, na ubakize nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya dole gumba la mguu.

Uchovu usioelezeka kwa mwanamke anayekimbia hunifanya nifikirie madini ya chuma. Omba upimwe wingi wa damu, na ikiwezekana akiba ya chuma, kabla ya kununua vidonge. Mbaazi, kunde, mchicha, dagaa na maini vinasaidia. Kamulia ndimu juu yake, na chai uisogeze mbali na mlo kwa saa moja hivi, kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini. Hilo la chai ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa Mombasa.

Maumivu ya misuli yanayoenea na kupungua ukipasha mwili moto ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa, mahali pamoja panapoweza kuguswa kwa ncha ya kidole, hasa kwenye ugoko au mguuni, ni ya kusimamisha mbio mara moja na kumwona daktari. Usimeze dawa kama ibuprofen ili ukimbie, kwa sababu figo zilizopungukiwa na maji huumizwa nayo. Na mwenzako akianza kuyumba na kujibu maneno yasiyoeleweka, mlaze kivulini, mmwagieni maji mengi mwili mzima huku mkimpepea, na mwite gari la hospitali bila kungoja atulie.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pumzi utaiona fupi, lakini ubaridi wa asubuhi utakurudishia sehemu ya kile ambacho mwinuko umechukua. Panda treni ya Ijumaa kutoka Miritini ili ulale usiku mbili. Beba sweta kuukuu utakayoiacha mahali pa kuanzia. Nusu ya kwanza iwe polepole kuliko unavyotamani, dakika 7 na robo kwa kilomita, maana wanga uliohifadhiwa kwenye misuli huelekea kwisha baada ya kilomita 30, na anayeanza kwa pupa huumaliza mapema. Kuanzia dakika ya 40 kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa: ndizi moja ina takriban gramu 25, na tende ndogo tano au sita zinakaribia hapo. Zifanyie majaribio katika mbio ndefu za Jumamosi, kwani kila tumbo lina kanuni zake.

Limebaki la funga. Mazoezi ya Juni hadi Oktoba unaweza kuyamaliza ukiendelea na Jumatatu na Alhamisi zako kwa mpangilio nilioueleza, ilimradi futari na daku ziwe na wanga na chumvi ya kutosha, na maji uyanywe tangu magharibi hadi ulale, si kwa mkupuo mmoja wa alfajiri. Katika majuma matatu yenye mbio ndefu za zaidi ya saa 3, ningekushauri uiache Alhamisi iliyotangulia. Alhamisi ya juma la mashindano usifunge kabisa: hiyo ndiyo siku ya kuanza kuongeza wali, viazi vitamu na mihogo, na kupunguza nazi na mafuta, hadi Jumamosi usiku. Jumatatu ya baada ya mashindano nayo ni siku ya kula.